Kuhusu Le Corbusier na nyumba zinazovuja
Mkuu umeuliza kwa nini Le Corbusier, yule msanifu majengo, bado anasifiwa wakati nyumba zake zilikuwa zinavuja. Ni kweli zilivuja, Villa Savoye kule Poissy, Ufaransa, ilikamilika 1931 na mama Savoye, mwenye nyumba, akawa anamwandikia Le Corbusier barua za kulalamika maana mvua ikinyesha maji yanaingia hadi ndani, na hilo mi simsamehi kabisa, nyumba kwanza ni ya watu kukaa. Mbaya zaidi ule mpango wake wa 1925 wa kubomoa eneo kubwa katikati ya Paris asimamishe majengo marefu 18 yanayofanana, afadhali haukutekelezwa. Ila kubebesha nguzo za zege mzigo wote ili kuta ziwe huru, aisee hapo alifanya kazi kubwa, angalia ghorofa lolote linalojengwa mtaani kwenu, zinasimama nguzo na slabu, tofali zinakuja baadaye.