Ufunguo Uwe wa Mwisho: Majibu kuhusu Injini za Turbo Zilizolala

Barua nyingi za safari hii zinauliza jambo moja kwa maneno tofauti: gari lenye turbo, yaani feni inayozungushwa na gesi ya ekzosti ili kuishindilia injini hewa, limekaa miaka bila kuwashwa, na sasa mwenyewe anataka kuliwasha. Wengi hawakusema kama injini ni ya petroli au ya dizeli, ingawa nimeomba hivyo mara kwa mara. Nimechagua yale yanayojibika.

Swali: Fundi, salamu. Gari langu la petroli lenye turbo limekaa miaka sita bila kuguswa. Nikifunga betri mpya litawaka?

Huenda likawaka, na hilo ndilo ninaloliogopa. Injini iliyolala miaka sita ina oili kwenye sampo, lile bakuli la chini ya injini, wala si mahali inapohitajika. Utando uliobaki kwenye beringi umekwisha kuchuruzika na kuta za silinda zimekauka. Sehemu nyingine za injini huweza kuvumilia sekunde chache za ukavu na kubaki na mikwaruzo ambayo mwenye gari hataijua kwa muda mrefu. Turbo haina uvumilivu huo. Katika turbo nyingi mhimili huelea juu ya utando mwembamba wa oili inayosukumwa na pampu ya injini, na kazini huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Zile ndogo hufika hata 200,000. Bomba linaloipelekea oili ni jembamba na husubiri njia nyingine zijae kwanza, ilhali gesi ya ekzosti huanza kuizungusha mara tu moto unapowaka.

Betri mpya nunua, lakini usiifunge hadi utakapofika wakati wa kupiga starta. Ile ya zamani usihangaike kuifufua, kwa kuwa betri ya asidi iliyokaa tupu kwa miaka huwa imeota salfeti kwenye sahani zake, na kuibusti kutoka gari jingine ni kuitesa altaneta bila faida.

Swali: Tafadhali eleza utaratibu wa kupandisha oili kabla ya kuwasha.

Anza na macho kabla ya spana. Fungua boksi la filta ya hewa na hozi zote hadi kwenye mdomo wa turbo, kwa maana panya hupenda kujenga humo, na kipande cha kiota kikivutwa ndani hukutana na mapanga yanayozunguka kwa kasi niliyokwisha kuitaja. Zungusha mapanga hayo kwa kidole: yazunguke bila kukwama wala kugusa ukuta.

Kisha mwaga oili yote ya zamani hata kama rangi yake inakuridhisha, maana imebeba unyevu na asidi zilizotokana na kazi ya zamani. Weka filta mpya na oili ya daraja lililoandikwa katika kitabu cha gari. Filta ikiwa inafungwa mdomo ukiwa juu, ijaze oili kwanza. Toa plagi zote, dondosha oili kiasi cha kijiko cha chai katika kila silinda, iache usiku kucha, na siku ya pili zungusha krenki, yaani mhimili mkuu wa injini, kwa mkono kupitia nati ya puli, ukielekea upande uleule injini inakozungukia. Ikikataa, ongeza oili na usubiri siku nyingine. Wanaochomeka bomba refu kwenye mkono wa spana ili kuongeza nguvu ndio wanaovunja ringi zilizoshikwa na kutu, halafu wanalaumu umri wa injini.

Krenki ikizunguka kwa uhuru mizunguko miwili kamili, fungua bomba linalopeleka oili kwenye turbo, mimina oili safi humo huku ukizungusha mhimili kwa kidole, kisha ulirudishe. Sasa kata mafuta: toa fyuzi ya pampu ya petroli, chomoa nyaya za injekta zinazonyunyiza petroli, na chomoa koili zinazotoa cheche pia. Wapo wanaochomoa koili peke yake. Injekta zinaendelea kunyunyiza, petroli inaosha ile oili uliyoiweka kwenye silinda, na iliyobaki inakwenda kujaa kwenye ekzosti au kutoka kama mvuke kupitia matundu ya plagi, ambao cheche moja inatosha kuulipua. Funika matundu hayo kwa kitambaa, la sivyo oili itakurukia usoni.

Sasa funga betri, kisha piga starta kwa vipindi visivyozidi sekunde 10, ukiipumzisha dakika moja au zaidi kila mara, hadi taa ya oili izime. Taa ikizima, usishangilie. Huzima kwa presha ndogo sana, na haina habari ya kilichofika kwenye turbo. Legeza bomba la kurudishia oili lililo chini ya turbo, piga starta tena, na uone kwa macho yako oili ikitoka. Hapo ndipo plagi zinaporudi.

Swali: Kabla ya kumwaga oili ya zamani, je, nitie dawa ya kusafisha injini?

Hapana. Dawa hiyo hubandua masizi na matope yaliyotulia, nayo hayana pa kwenda ila kwenye njia nyembamba, na katika baadhi ya injini bomba la oili ya turbo lina kichujio kidogo mno kwenye bolti yake. Kichujio hicho kitoe ukikague. Kikiziba, kazi yote iliyoelezwa hapo juu ni bure.

Swali: Tangi lina robo ya petroli ya zamani. Nikiijazia mpya juu yake si itachanganyika?

Itachanganyika, nawe utakuwa umeharibu iliyo mpya. Petroli huanza kuchoka baada ya miezi michache: sehemu nyepesi zinazosaidia kuwasha huondoka, na zinazobaki hugeuka utomvu unaoziba injekta. Yenye ethanoli hunywa unyevu wa hewa, na ikinywa kupita kiasi, maji na ethanoli hujitenga na kuzama chini, hapohapo pampu inapovuta. Tena injini ya turbo inadhurika zaidi kwa mafuta mabovu, kwa sababu petroli iliyopungua nguvu ya kuzuia kugonga, yaani kulipuka ovyo ndani ya silinda, chini ya hewa iliyoshindiliwa, inaweza kutoboa pistoni. Mwaga yote, badilisha filta, na kagua hozi za mpira moja baada ya nyingine kabla ya kurudisha presha. Kazi hii ifanyike nje, mbali na moto.

Swali: Starta ni mbovu. Tunaweza kulisukuma?

Tengeneza starta.

Swali: Yangu ni dizeli. Nimesikia kwamba injini inaweza kukataa kuzima hata ufunguo ukitolewa. Ni kweli?

Ni kweli, na ninashukuru kwamba mmoja ameuliza. Dizeli haihitaji cheche. Inahitaji hewa, joto na kitu cha kuungua. Turbo iliyochakaa au kukauka ikivujisha oili upande wa hewa, oili hiyo huvutwa ndani ya silinda na kuungua kama mafuta. Ufunguo unakata dizeli tu, si oili, kwa hiyo injini hujipandishia kasi yenyewe hadi oili iishe au chuma kivunjike.

Kabla ya kuwasha, fungua hozi ya hewa inayotoka kwenye turbo ukaangalie kama ina dimbwi la oili, pamoja na kipoza hewa ya turbo, ambacho mara nyingi huwa mbele ya rejeta. Likiwapo, lisafishwe na sababu yake ijulikane kwanza. Siku ya kuwasha, weka karibu ubao bapa unaoweza kuziba mdomo wa hewa, na mtu wa kuushika. Asizibe kwa kiganja wala kwa kitambaa, kwa kuwa kitambaa kitamezwa na kiganja kitajeruhiwa. Ikianza kukimbia na ubao haukuwahi, msisimame kuitazama, ondokeni.

Swali: Nipulizie dawa ya kuwashia kwenye njia ya hewa?

Kwenye dizeli yenye plagi za kupasha joto, usithubutu: etha iliyomo katika dawa hiyo hulipuka ikikutana na plagi iliyopamba moto. Kwenye petroli, injini yenye mafuta safi, cheche na mgandamizo haiihitaji, na isiyo navyo haitaponywa nayo.

Swali: Mkanda wa taimingi una kilomita 40,000 tu. Nao ubadilishwe?

Gari limekaa miaka, nawe unanihesabia kilomita. Mpira huzeeka ukiwa umesimama, na ndiyo maana watengenezaji huandika ukomo wa miaka pia. Mkanda huu ndio unaopatanisha mwendo wa valvu na wa pistoni, na katika injini nyingi ukikatika valvu hugongana na pistoni. Badilisha mkanda, rola zake na pampu ya maji, kisha weka kulanti (maji ya kupozea injini) mpya, kwa sababu dawa ya kuzuia kutu iliyomo katika ya zamani imekwisha nguvu.

Swali: Limewaka! Linatoa moshi wa bluu. Turbo imekufa?

Bado usiihukumu. Ile oili uliyoidondosha kwenye silinda lazima iungue, na moshi wake unapaswa kupungua ndani ya dakika chache. Usipopungua, au ukizidi kila unapoachia pedali, shuku sili za turbo au za valvu. Moshi mweupe mzito wenye harufu tamu ni kulanti, zima. Na kama umeliwasha ndani ya banda lililofungwa, zima sasa hivi, kwa maana monoksidi ya kaboni haina rangi wala harufu.

Liache lingurume taratibu hadi lipate joto, usikanyage mafuta ili kusikia sauti. Kabla ya kuitia turbo mzigo, hakikisha mkono wa valvu ya kupunguza presha unasogea, kwani ukiwa umeganda kwa kutu, presha hupanda bila kizuizi. Kisha mwaga oili hiyo mpya baada ya mwendo mfupi, maana imekwisha kubeba uchafu.

Swali: Mimi huwasha langu dakika tano kila wiki lisije likaharibika. Nafanya vyema?

Hapana, na swali hili nimelijibu mara nyingi kiasi cha kuchoka. Dakika tano hazitoshi kupasha oili joto. Maji yanayotokana na kuungua kwa mafuta hubaki ndani ya injini na ekzosti, na petroli ambayo haikuungua hushuka kwenye sampo. Ama liendeshe hadi oili yenyewe ipate moto, ama liache lilale kwa heshima: oili mpya, tangi lililojaa, betri kwenye chaja ya kuitunza, na midomo ya hewa na ekzosti ikiwa imezibwa dhidi ya panya. Funga karatasi kwenye usukani inayosema midomo hiyo imezibwa, kwa sababu atakayekuja kuliwasha huenda asiwe wewe.