Maswali ya Wasomaji: Kununua Gemu Siku Inapotoka

Maswali ya safari hii yanahusu jambo moja: gemu mpya, siku ya kwanza, pesa mkononi. Tumeyafupisha pale yalipofanana.

Habari za kazi. Nina PS5 (konsoli ya PlayStation 5 ya Sony) inayotumia diski, na nataka EA FC, gemu ya mpira wa miguu, siku ileile inapotoka. Nyumbani sina faiba, natumia bando la simu. Ninunue diski au nipakue? (Msomaji, Thika)

Nunua diski. Kwa mfano, faili la GB 100 kwenye laini ya Mbps 10 (megabiti 10 kwa sekunde) linahitaji takribani saa 22 za kupakua bila kukatika. Kwa Mbps 20 ni saa 11. Hayo ni mahesabu ya laini isiyoyumba, na laini ya simu jioni huyumba. Tena mabando mengi yanayoitwa ya bila kikomo hupunguza kasi ukishavuka kiasi fulani, na gemu moja tu inatosha kukuvusha.

Kazi yenyewe ianze siku moja kabla. Washa PS5, sasisha programu ya mfumo, kisha ingia Settings, halafu Storage, utazame nafasi iliyobaki. PS5 ya mwaka 2020 imeandikwa GB 825, lakini unazoweza kutumia ni kama 667. Futa gemu usizocheza. Kumbukumbu za ulipofikia huhifadhiwa mahali pake, kwa hiyo kufuta gemu hakufuti maendeleo yako. Kama yako ni ile PS5 nyembamba iliyotoka mwishoni mwa 2023 na umeongeza kisomeo cha diski kando, hakikisha kimeshasajiliwa kupitia intaneti. Kisomeo hicho hudai intaneti mara ya kwanza kinapofungwa, na bila hiyo hakifanyi kazi hata diski ikiwa halisi kabisa.

Siku yenyewe, weka diski ukiwa umezima Wi-Fi. Acha inakili mpaka mwisho ndipo uwashe intaneti kwa ajili ya sasisho. Ukiruhusu vyote viwili kwa pamoja, sasisho linaanza kula bando wakati hata hujajua kama diski inasomeka. Mechi ya watu wawili kwenye konsoli moja utaicheza bila sasisho. Kucheza mtandaoni kunahitaji sasisho na uanachama wa PS Plus, huduma ya kulipia ya Sony. Na usishangae ukimkuta mchezaji bado yuko klabu ya zamani: diski huchapwa wiki kadhaa kabla ya kuuzwa, kwa hiyo uhamisho wa mwisho wa Agosti huja kwa sasisho la vikosi.

Umeme ukikatika katikati ya kazi na konsoli ikaanza kusuasua baadaye, izime kabisa. Bonyeza kitufe cha kuwashia bila kuachia mpaka usikie mlio wa pili, kama sekunde 7, kisha unganisha pedi kwa waya wa USB. Kwenye orodha itakayotokea chagua namba 5, inayosafisha na kupanga upya kumbukumbu za mfumo. Gemu zako hazifutiki.

Nimenunua diski mpya Kariakoo, imefungwa plastiki, lakini konsoli inataka kupakua makumi ya GB. Nimeuziwa feki? (Msomaji, Dar es Salaam)

Hapana, usimrudie muuzaji kwa ugomvi. Diski feki ya PS5 isingesomeka kabisa.

Diski za PS5 zina mwisho wa GB 100. Gemu inayozidi hapo huwekwa kwenye diski mbili, kama Final Fantasy VII Rebirth ya Februari 2024: moja ya kunakili data, nyingine ya kuchezea. Kampuni nyingine huona nafuu kuweka kidogo na kukuachia upakue. Mfano unaokasirisha zaidi ni Call of Duty: Modern Warfare II ya 2022, ambayo diski yake ya PS5 ilikuwa na takribani MB 70 tu. Ulilipia ufunguo, gemu yenyewe ilikuwa bado iko kwenye intaneti. Nintendo nao kwenye konsoli yao ya Switch 2 wana kadi za aina hiyo, lakini wao huandika onyo mbele ya kasha.

Sababu ya pili ni sasisho la siku ya kwanza. Watengenezaji hawaachi kazi diski zinapokwenda kiwandani. Cyberpunk 2077 ilitangazwa kuwa tayari kwa kuchapwa mapema Oktoba 2020, kisha mwishoni mwa mwezi huohuo ikaahirishwa hadi Desemba 10 ili warekebishe zaidi. Hata hivyo, kwenye PS4 ilitoka na hitilafu nyingi kiasi kwamba Sony waliiondoa dukani kwao wiki moja baadaye, na haikurudi mpaka Juni 2021. Kwa hiyo, kama gemu si ya mashindano na wenzako, subiri siku tatu nne usome watu wanasema nini kuhusu konsoli ya aina yako. Maoni ya wanaochezea PS5 hayamsaidii mwenye PS4.

Kabla ya kulipa, tazama kasha. Ukanda wa juu wa PS5 ni mweupe, wa PS4 ni wa buluu. Ubavuni, namba ya PS5 huanza na PPSA, ya PS4 na CUSA. Watu wengi hubeba ya PS5 nyumbani kwenye PS4, na huko haifunguki.

Nikifungua akaunti ya PlayStation, Kenya haimo kwenye orodha ya nchi. Nichague ipi, na gemu niliyolipia mapema itafunguka saa ngapi? (Msomaji, Mombasa)

Ni kweli, Kenya, Tanzania na Uganda hazimo. Wengi huchagua Afrika Kusini, Uingereza, Marekani au Falme za Kiarabu. Fikiri kabla ya kubonyeza, kwa sababu nchi ya akaunti haibadilishwi baadaye. Jua pia kwamba masharti ya Sony yanataka taarifa za kweli za makazi. Akaunti ya namna hii ina hatari yake, basi usijaze pesa nyingi ndani. Weka kiasi cha gemu unayonunua siku hiyo.

Vocha ya duka lazima iwe ya nchi ya akaunti. Ya dola za Marekani haiingii kwenye akaunti ya Afrika Kusini, na muuzaji hawezi kuirudisha ukishakwangua namba. Diski yenyewe inacheza kwenye konsoli ya aina yake hata iwe ya nchi gani, lakini nyongeza za kulipia lazima zitoke duka la eneo la diski. Diski nyingi za huku hupitia Dubai; ukiona Kiarabu kwenye kasha, muulize muuzaji nyongeza zake zinakubali akaunti ya wapi.

Kuhusu saa, gemu nyingi hufunguka saa sita usiku ya nchi ya akaunti. Afrika Kusini ni saa saba usiku kwetu. Uingereza mwezi Septemba ni saa nane usiku, na majira yao yakibadilika mwishoni mwa Oktoba inakuwa saa tisa. Pwani ya mashariki ya Marekani, mwezi Septemba, ni saa moja asubuhi. Falme za Kiarabu wanatutangulia, kwao inafunguka saa tano usiku wa kuamkia siku hiyo. Baadhi ya gemu hufunguliwa duniani kote kwa wakati mmoja, hivyo tazama saa inayohesabika kurudi nyuma kwenye ukurasa wa gemu. Hiyo ndiyo ya kuamini.

Sony hurudisha pesa ndani ya siku 14 iwapo hujaanza kupakua. Zima upakuaji wa moja kwa moja kama bado una shaka.

Toleo la Ultimate la EA FC, lile la bei ya juu, linafunguka wiki moja mapema. Linafaa? (Msomaji, Mwanza)

FC 25 ilifunguka Septemba 20, 2024 kwa wenye Ultimate, na Septemba 27 kwa wengine. Siku 7 hizo zina maana kwa anayeshindana kwenye Ultimate Team, sehemu ya gemu ambako unajenga kikosi chako kwa kununua na kuuza wachezaji, kwa kuwa soko la wachezaji huanza kupanda na kushuka mapema. Anayecheza na ndugu sebuleni asilipe nyongeza hiyo. Na asiye na haraka kabisa asubiri mwisho wa Novemba, mara nyingi bei hushuka sana.

Kuna kijana mtandaoni anauza gemu mpya kwa theluthi ya bei, anakupa akaunti yake uiingize kwenye konsoli yako na kuifanya konsoli hiyo iwe kuu ya akaunti. Ninunue? (Msomaji, Kisumu)

Usinunue. Gemu inabaki mali ya akaunti yake. Siku akibadilisha nywila na kuondoa konsoli yako, kufuli inatokea juu ya gemu nawe huna pa kulalamika, maana Sony hawaruhusu kuuza akaunti.

Muuzaji anapokea malipo ya awali ya gemu ya GTA VI (Grand Theft Auto VI), diski ya PS4. Nimpe? (Msomaji, Kampala)

Usimpe. Rockstar, watengenezaji wake, wameitangaza kwa PS5 na konsoli za Microsoft za Xbox Series X na S tu. Hata kwa konsoli hizo, usitoe amana bila risiti yenye jina la gemu, aina ya konsoli, bei ya mwisho, na maandishi kwamba unarudishiwa yote tarehe ikisogezwa. Tarehe ya gemu hii imeshasogezwa zaidi ya mara moja.