Kabla ya Toleo la Kwanza, Mtafute wa Kukupokea Kalamu

Dada mmoja wa Malindi, anayetaka kuanzisha jarida la historia na mashairi, ameniandikia kuniuliza aanze na mtaji wa kiasi gani. Namjibu hadharani kwa kuwa wengi wenu mna azma kama yake: kabla ya kutafuta mtaji, mtafute atakayekikalia kiti chako siku ambayo wewe haupo.

Mimi ni Mwislamu wa Lamu, lakini hapana jarida lililonifunza jambo hili kama The Freethinker la Uingereza, ambalo ni la wasioamini Mungu na ambalo lengo lake silikubali hata kidogo. G. W. Foote alilianzisha London mwezi Mei 1881 ili kuupiga vita Ukristo. Toleo la Krismasi la 1882, lenye vibonzo vya kuikejeli Biblia, lilimfikisha mahakamani kwa kosa la kukufuru, na mwaka 1883 akahukumiwa kifungo cha miezi 12. Jarida halikufa, kwa sababu Edward Aveling aliushika uhariri mpaka mwenyewe alipotoka. Foote alipofariki mwaka 1915, Chapman Cohen, aliyekuwa akiliandikia kwa miaka mingi, alilipokea na kuliongoza hadi 1951. Lilichapwa kwenye karatasi mpaka 2014, na sasa linasomwa katika intaneti.

Jarida letu dogo nalo lilijaribiwa. Tulipoandika habari za viwanja vya Shela, mfanyabiashara aliyekuwa akitulipia gharama za chapa alijitoa, na wenzangu niliosoma nao chuoni tangu utotoni wakawa hawaitikii salamu yangu katika vichochoro vya Mkomani. Jambo hilo linaniuma hadi leo. Wakati uo huo mama aliugua, nikahamia Mombasa kumuuguza. Binti niliyekuwa nimemfundisha kusahihisha miswada ndiye aliyepita maduka ya Langoni kukusanya michango, akalipeleka toleo kwa mpiga chapa, kisha akalipokea Mokowe na kulivusha kwa boti. Najivunia toleo hilo kuliko yote niliyoyahariri mwenyewe.

Kwa hiyo, dada yangu, usikumbatie kila ufunguo, kama tulivyozoea wahariri wengi wa pwani. Mfundishe mwenzako bei ya karatasi, mfundishe kumkatalia mshairi bila kumvunjia heshima, na umwachie toleo zima alihariri ungali mzima. Jina lake liandikwe jaridani tangu mwanzo, ili wasomaji wamzoee na mpiga chapa ajue kwamba sahihi yake inatosha.