Julai katika historia ya Lindi: maswali yenu, majibu yetu

Kwa nini Wareno walikuwa wakifika Kilwa mwezi wa Julai? (Msomaji, Kilwa Masoko)

Kwa sababu ya kusi, upepo uvumao kutoka kusini. Cabral alifika Julai 1500, Vasco da Gama Julai 1502, Francisco de Almeida Julai 1505. Meli za India ziling'oa nanga Lisbon kati ya Februari na Aprili, zikaizunguka Afrika, na zilitaka kuwa pwani yetu kabla kusi halijaisha ili livushe matanga hadi India. Aliyechelewa alikutana na kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, na kaskazi hukirudisha chombo. Mabaharia wa Kilwa walikuwa wakienda kwa majira hayo karne nyingi kabla ya Mreno kuyajua, jambo ambalo vitabu vya shule hulipita haraka mno.

Naandaa kalenda ya ukutani darasani. Kutekwa kwa Kilwa niandike tarehe ngapi? (Mwalimu, Lindi Mjini)

Andika 24 Julai 1505, kisha ongeza "kalenda ya zamani". Kalenda tunayotumia leo ilianza Oktoba 1582. Wareno wa 1505 walihesabu kwa ile iliyotangulia. Ukitaka tarehe ya leo ongeza siku 10, upate 3 Agosti. Wengi hukosea kwa kuongeza 13, ambayo ni hesabu ya karne ya 20 na hii yetu. Ukikuta mwaka wa Hijria peke yake, uwe mwangalifu zaidi: 911 ulianza Juni 1505 ukaisha Mei 1506, hivyo bila jina la mwezi huwezi kujua ni mwaka upi kati ya hiyo miwili.

Na ukiwapeleka wanafunzi Kilwa Kisiwani, waelezeni kuwa Gereza, yaani ngome ya kale wanayoiona pale, si lote la Almeida. Wareno walijenga ngome pale 1505 wakaihama 1512. Sehemu kubwa ya kuta zilizosimama sasa ni kazi ya Waomani wa baadaye.

Maji Maji ilianza Julai au Agosti 1905? (Msomaji, Masasi)

Julai, Nandete, katika vilima vya Umatumbi. Agosti ndipo moto ulipoenea hadi Liwale na kwingineko, na wanaohesabu kuanzia mapigano makubwa hutaja mwezi huo.

Tazameni wapiganaji walichokigusa kwanza: waliing'oa mipamba. Tangu 1902 Wajerumani walilazimisha mashamba ya pamoja ya pamba, chini ya usimamizi wa maakida na majumbe, watawala wadogo waliowateua wao. Pamba ya huku huchumwa kiangazi, na kiangazi hichohicho mtu ana nafaka yake ya kuvuna na kuingiza ghalani. Mikono ikichukuliwa na akida, nyumbani kuna njaa. Maji ya dawa ya Kinjikitile Ngwale, mganga wa Ngarambe, yaliwaunganisha watu wa makabila mbalimbali, lakini hasira ilikuwa imeshaiva shambani. Yeye mwenyewe alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti, vita ikiwa ndiyo kwanza inaanza. Anayeandika kwamba aliiongoza hadi mwisho wake 1907 anapotosha.

Saba Saba nayo ni ya kusini? (Msomaji, Mtwara)

Hapana. TANU ilizaliwa Dar es Salaam, 7 Julai 1954, kutokana na TAA, chama kilichoitangulia. Kwenye kalenda iwekeni safu ya taifa, msiichanganye na ya mkoa.