Anza kama karani wa stesheni

Nilianza kuandika kila siku nikiwa na miaka 61, mwaka mmoja baada ya kustaafu ukarani wa stesheni hapa Kigoma. Siku hizi wastaafu wenzangu wakinikuta barazani na daftari huniuliza naanzaje, na karibu kila mmoja ana ugonjwa niliokuwa nao mimi: anataka kuandika kitabu cha maisha yake.

Msianzie huko, ndugu zangu. Mimi nilinunua kaunta buku nene, nikaandika juu "Historia ya Maisha Yangu", nikamtaja babu, nikamtaja na baba yake babu, na kufika ukurasa wa nne nikakwama. Daftari likalala kabatini miezi saba. Binti yangu akachana karatasi za nyuma akapigia hesabu za vikoba, wala sikumlaumu.

Kilichonikwamua ni kukumbuka kwamba nilikuwa nimeandika kila siku ya kazi kwa zaidi ya miaka 30, ila sikuita kuandika. Daftari la treni lilikuwa na safu zake: imefika saa ngapi, imechelewa kiasi gani, kwa nini. "Imefika 11:40 jioni. Imechelewa saa 9. Maji yamekata njia kati ya Kilosa na Gulwe." Hakuna karani aliyengoja moyo umtume ndipo ajaze safu ile. Treni ikiingia, unaandika.

Basi nikachora safu zangu: saa, ziwa likoje, nimeona nini, nani kasema nini. Hiyo ya mwisho iandike neno kwa neno, kama ulivyolisikia. Ukitengeneza lugha ya watu iwe safi, baada ya mwezi utakuta watu wote daftarini wanaongea kama wewe. Ukurasa mmoja unatosha. Mimi huandika baada ya swala ya alfajiri, kabla ya chai, kwa sababu usiku nasinzia na kalamu mkononi.

Halafu miwani. Nilidhani nimeishiwa ya kuandika, kumbe nilikuwa sioni vizuri. Nikiandika nusu ukurasa kichwa kinauma, nafunga daftari, nasema leo sina kitu. Kapimeni macho kwanza, hayo mengine baadaye.

Kuhusu vifaa sina mengi. Watoto wetu wakipelekwa Ujiji husimuliwa jinsi Stanley alivyomkuta Livingstone chini ya mwembe mwaka 1871. Mimi kinachonigusa zaidi ni kwamba mzee Livingstone, mwaka huohuo, akiwa na miaka 58, mgonjwa, karatasi zimemwishia kule Manyema, ng'ambo ya ziwa, aliandika kumbukumbu zake juu ya magazeti ya zamani, kwa wino wa kujitengenezea. Kwa hiyo mtu akiniambia anangoja mwanawe amletee kompyuta kutoka Dar, namtazama tu.

Zitakuja siku tupu. Wavuvi wa dagaa hapa Kibirizi hutegemea giza, maana samaki hufuata taa zao. Mbalamwezi ikiwaka hawaendi ziwani, lakini ukishuka ufukweni utawakuta wanashona nyavu. Siku zangu tupu nasoma kurasa za nyuma, narekebisha, nanakili jambo upya kwa mwandiko unaosomeka.

Na lifiche daftari. Nililiacha mezani siku moja, mjukuu wangu wa darasa la nne akaona sifa kusoma kwa sauti, mbele ya jirani yangu mwenyewe, ukurasa niliokuwa nimeandika anavyokopa sukari. Tulisalimiana kwa shida wiki mbili. Sasa linakaa chini ya godoro, na majina naandika herufi moja tu.

Ukifikisha mwezi, chagua mstari mmoja uufungue. Wangu wa kwanza ulikuwa huu: "Saa 12:20. Mama wa migebuka kapita. Ngata yake leo ni majani ya mgomba." Huyo ni mama wa samaki, ndio hao migebuka wa ziwa letu. Kwa nini majani? Miaka yote ngata yake ni khanga moja nyekundu aliyoikunja. Kesho yake nikamngoja barazani, nikamuuliza. Akashusha beseni, akajifuta shingo, akaniambia khanga kamfunikia mjukuu wake, ana homa siku ya tatu, na mtoto hataki shuka wala blanketi ila ile yenye harufu ya samaki.

Nikaingia ndani nikaandika kurasa tatu bila kusimama, hata chai ikapoa. Babu yangu na baba yake bado wako kwenye ukurasa wa nne, nitawarudia.