Panja zimeisha: nipandikize nywele au nipake dawa?

SWALI: Shikamoo Shangazi. Ni msomaji wako wa Tabata, nina miaka 34, nafanya kazi ya ukeshia. Nimesuka rasta tangu niko sekondari, na miaka sita ya karibuni nimekuwa nikishonea wivingi kila mwezi. Sasa panja zimeisha. Upande wa kulia pametoka upana wa vidole vitatu, kushoto viwili. Nafunga ndoa Desemba na nimedunduliza shilingi milioni nane. Binamu yangu ananiambia niende Istanbul, Uturuki, nikapandikizwe nywele, eti baada ya wiki narudi nimekamilika. Mwenzangu kazini anasema nidungwe damu yangu mwenyewe kichwani. Mchumba wangu, ambaye ana upara wa kurithi, anatumia vidonge vya finasteride na amesema tugawane. Nimekutumia picha tatu. Nishike lipi?

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera sana. Nianze na la haraka: vidonge vya mchumba wako mrudishie leo hii. Finasteride ni dawa ya upara wa wanaume. Inapunguza homoni ya kiume ile inayodhoofisha mashina ya nywele, na mwanamke mjamzito akiimeza inaweza kuharibu maumbile ya siri ya mtoto wa kiume aliye tumboni. Wewe unaolewa Desemba, mimba inaweza kuingia wakati wowote. Tena nywele zako hazikuondoka kwa njia ya zake. Zako zimevutwa.

Nasema hivyo nikijua, kwa sababu wavutaji tulikuwa sisi. Nilianza kusuka Kariakoo mwaka 1997, na msusi aliyesifiwa wakati ule ni mwenye mkono mgumu. Mteja anainuka nyusi zimepanda, hawezi hata kucheka vizuri, anajitazama kwenye kioo na kusema leo ndiyo nimesukwa. Usiku ule analala kifudifudi, amemeza vidonge vya maumivu. Siku ya pili vipele vyeupe vimeshatoka pembezoni mwa paji, kila kipele kimeota pale penye shina la unywele. Vile vipele ni shina linalolia, na sisi tulivipaka mafuta tukaendelea.

Panja zangu mwenyewe ziliisha kwa wivingi na gundi. Mwaka 2014 niliingia kliniki moja ya urembo hapa mjini wakaniambia dawa ni plazma. Wanakutoa damu mkononi, wanaizungusha kwenye mashine mpaka ile sehemu ya manjano ijitenge, kisha wanakudunga nayo kichwani. Nikadungwa mara sita. Hakuna hata mmoja kati yao aliyenishika kichwa akanitazama kwenye mwanga kabla ya kuchukua hela yangu. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kuliko hata sindano zenyewe.

Nikaenda Moshi, hospitali ya KCMC, ambako tangu 1992 kuna kituo kinachofundisha madaktari wa ngozi wa nchi nyingi za Afrika. Daktari akaniweka karibu na dirisha, akachukua kilenzi chenye taa, akatazama panja moja kwa muda mrefu, kisha nyingine. Akasema: kushoto mashina mengi yako hai, kulia ni kovu. Nilipaka dawa pande zote mbili kwa miezi tisa. Kushoto nywele zilirudi, sasa nazibana. Kulia hazikurudi hata moja. Kichwa ni kimoja, dawa ni moja, mikono inayopaka ni ileile.

Kwa hiyo kabla hujachagua baina ya kisu na chupa, jua shina liko hai au limekufa. Pitisha ncha ya kidole kwenye panja, taratibu, asubuhi kabla hujapaka kitu. Palipo hai panakwaruza kidogo, na ukielekea dirishani unaona vitundu, na katika vitundu vinywele laini kama vya mtoto mchanga. Palipokufa panateleza kama ukucha, panang'aa, vitundu havionekani. Picha yako ya tatu, ile uliyopiga kwa mwanga wa pembeni, inaonyesha kitu kizuri: mbele kabisa, karibu na uso, kuna mstari wa nywele fupi zilizobaki, halafu nyuma yake ndiyo sehemu tupu. Huo mstari madaktari wanaujua. Msusi hakuweza kuzikamata kwa sababu ni fupi mno, zikasalimika. Ni dalili kubwa kwamba kilichokupata ni kuvutwa. Kama hata mstari huo ungekuwa umefutika, na nyusi nazo zinapungua, ningekuambia uwahi hospitali wiki hii, maana huo ni ugonjwa mwingine unaoua mashina. Vivyo hivyo kwa wasomaji wanaopungukiwa nywele kuanzia utosini huku wakisikia mwasho au kuchomachoma: msiende kwa msusi wala kwa mpandikizaji, nendeni kwa daktari wa ngozi. Anaweza kukata kipande kidogo sana cha ngozi kikapimwa. Ugonjwa wa namna hiyo ukiwa bado unawaka, hata nywele zilizopandikizwa zinaweza kufa.

Tuje kwenye dawa. Niliyopaka mimi ni minoksidili. Ilianza kama kidonge cha shinikizo la damu, wagonjwa wakaota nywele mahali wasipotarajia, na mwaka 1988 Marekani ikaidhinisha ya kupaka kichwani kwa upara wa wanaume. Wanawake walifuata baadaye. Kwa nywele zilizovutwa madaktari huitumia pia, ila ujue mambo yake. Wiki za mwanzo nywele zinaweza kudondoka zaidi ya ulivyozoea, na watu wengi huitupa chupa hapo. Ikichuruzika usoni inaweza kukuotesha malaika ya shavuni, kwa hiyo paka kidogo na unawe mikono. Matokeo yanataka miezi minne mpaka sita, wakati mwingine zaidi. Na haitumiki ukiwa na mimba wala ukinyonyesha. Hili lizungumze na mchumba wako mapema, kwa sababu ndilo litakaloamua utaanza lini na utaacha lini. Kama pembezoni bado kuna vipele au panauma, daktari anaweza pia kudunga dawa ya kutuliza uvimbe palepale.

Plazma siikatai moja kwa moja. Kuna wanaofaidika nayo, hasa palipo na shina hai, lakini kwa panja za kuvutwa ushahidi wake bado ni mdogo, na haifufui kovu. Ukiambiwa ulipie mara sita kabla hujatazamwa kwa lenzi, chukua mkoba wako uondoke.

Sasa Istanbul. Upandikizaji ni kuhamisha, haumzalishii mtu unywele mpya hata mmoja. Wanachukua mashina ya kisogoni, wanayapeleka mbele, na huko yanaendelea na tabia ya kule yalikotoka. Jambo hilo alilionyesha daktari wa New York, Norman Orentreich, katika miaka ya 1950, na kazi yote ya leo imesimama juu yake. Njia ni mbili. Ya kwanza hukata utepe wa ngozi kisogoni, wakashona, ukabaki mstari. Ya pili hung'oa shina mojamoja kwa kichuma cha duara chenye upana usiozidi milimita moja hivi. Binamu yako bila shaka anasema hiyo ya pili.

Hapa ndipo nywele zetu zinapotaka mkono unaozijua. Unywele wa kipilipili umejikunja hata chini ya ngozi. Kichuma kikishuka kwa mstari ulionyooka kama kwa nywele za Mturuki, kinakata shina katikati, na shina lililokatwa hivyo huenda lisiote, huku kisogo nacho kimeshapoteza. Daktari mzoefu hufuata mkunjo, na mara nyingi hujaribu mashina machache kwanza aone yanatoka mazima. Faida yetu ni kwamba nywele zilizojikunja hufunika eneo kubwa kwa idadi ndogo. Muulize mwenye kliniki: umewapandikiza wanawake wenye nywele kama zangu wangapi, nionyeshe picha zao za baada ya mwaka. Na nani atashika kile kichuma, wewe au msaidizi wako? Chama cha kimataifa cha madaktari wa upandikizaji, ISHRS, kimekuwa kikionya juu ya kliniki ambazo upasuaji unafanywa na watu wasio na leseni.

Jingine ni makovu. Sikio langu la kulia lina uvimbe wa ukubwa wa punje ya harage, pale nilipotobolewa nikiwa msichana. Ndiyo sababu panja yangu ya kulia sikuipandikiza. Ngozi inayotuna ikijeruhiwa kwenye sikio inaweza kutuna kisogoni pia. Jitazame masikio, jitazame alama ya chanjo begani. Ukiona pametuna, mwambie daktari kabla ya lolote.

Na ile ya kurudi baada ya wiki umekamilika haipo. Mteja wangu mmoja alikwenda huko. Aliporudi nilimwona panja zimejaa vigaga vidogo kama mbegu za ufuta. Wiki ya tatu akanipigia analia, nywele zote alizopandikizwa zimedondoka. Nilikuwa sijui kumjibu. Daktari wake akamweleza kwamba ndivyo inavyokuwa, nywele huanguka, shina likabaki. Mwezi wa nne zikaanza kuchomoza, mwezi wa nane panja zikajaa vizuri kweli. Ukamilifu wake huhesabiwa kwenye mwaka mzima. Umeniandikia Juni. Ukipandikizwa Julai, Desemba utakuwa na nywele fupi zisizolingana, na hela imekwisha.

Ningekuwa wewe, mwanangu, kesho ningefumua wivingi. Wiki hii ningeonana na daktari wa ngozi, nikafuata dawa atakayonipa kwa ratiba ya ndoa na mimba. Siku ya harusi ningevaa wigi lililonitosha, lisilotiwa gundi, lenye kitambaa cha satini ndani, au nywele zangu zikasukwa twende kilioni za kulegea nyuma, na ua panjani. Kuna pia ule unga wa nywele unaonyunyizwa kuficha ngozi. Unafanya kazi palipobaki nywele kidogo, ila jasho la ukumbini si rafiki yake. Kuchorwa vidoti vya wino panjani kunapendeza kwa wenye nywele fupi, lakini ni sindano, na sindano lazima iwe mpya. Zile milioni nane ziache benki. Baada ya mwaka mmoja bila kuvutwa, pasipoota pataonekana wazi, na hapo mpandikizaji atakuwa na ramani ya kufanyia kazi. Ukipandikizwa kisha ukarudi kwenye rasta za kukaza, utazing'oa na hizo.

SWALI: Shangazi, binti yangu wa miaka sita amesukwa jana kwa ajili ya shule. Ametoka vipele pembeni mwa paji na amelalamika kichwa usiku kucha. Pembeni nywele zimeanza kuwa chache. Nimpake minoksidili? Mama, Tanga.

JIBU: Usimpake, dada yangu. Dawa hiyo si ya kumpaka mtoto kwa kujiamulia. Kama ukimtazama utaona pia mabaka ya mviringo yenye magamba, nywele zimekatikia chini, hayo ni mapunye na yanataka dawa ya kumeza kutoka hospitali. Vikiwa ni vipele peke yake, na vimetoka baada ya kusukwa, tatizo ni mkazo. Vikitoa usaha mpeleke kituo cha afya.

Mwaka 1999 mama mmoja aliniletea mtoto wa umri huohuo, ana vipele vilevile, nikamwambia atazoea. Namkumbuka yule mtoto alivyoshika paji kwa mikono yote miwili.

Mashina ya binti yako bado ni mapya na yatarudi. Mfumue leo usiku, usisubiri Jumamosi. Anza pembeni, loweka kwa maji na mafuta kidogo, usitumie kitana mpaka fundo la mwisho limefunguka. Wiki mbili zijazo aende shule na mabutu, au kichwa kikiwa kimenyolewa kifupi.