Kesi ya bure nayo ina dedilaini

Wadogo zangu mnaoingia kwenye sheria ya uhamiaji, naona wengi mnauliza ofisi gani inalipa na visa za kazi zina hela kiasi gani. Hela zipo sikatai, ila mimi kazi nimeijulia kwenye kesi za bure za wakimbizi nilizokuwa nabeba jioni, na mwanzoni nilizibeba vibaya, faili la anayelipa limepangwa kwa tarehe, la bure liko kwenye bahasha makaratasi ovyo, halafu najiona mtu mwema!

Kuna mama alikuwa anaomba hifadhi, maelezo yake yakachukuliwa na mkalimani wa ofisi, akasema walivamiwa saa mbili usiku, mkalimani akaandika saa ya kizungu hivyohivyo mbili, yaani saa nane yetu. Kiswahili nimekinyonya lakini karatasi sikuisoma, nikasaini tu kwa sababu nilikuwa na rundo la zinazolipa. Siku ya intavyuu mkalimani mwingine akatafsiri sawasawa na ofisa akakomaa hapohapo, mbona karatasi inasema hivi na wewe unasema vile, muda mrefu mama anabishana kuhusu saa badala ya kueleza yaliyomkuta. Tulipotoka akaniambia, "Mwanangu, si nilisema watoto walikuwa wanakula?" Na kweli ilikuwa imeandikwa, mstari wa pili tu. Nani analisha watoto saa nane za usiku? Nikaandika barua ya kurekebisha, ikapokelewa, ila aibu ile ninayo mpaka leo.

Kingine, mkataba wa wakimbizi wa 1951 usomeni wenyewe, msiishie kwenye muhtasari. Sababu za kuteswa zinazomfanya mtu ahesabiwe mkimbizi ziko tano: rangi au asili yako, dini, utaifa, kundi la kijamii ulilomo, na msimamo wa kisiasa. Mtu anaweza kuwa na habari ya kukuliza ila ni ya njaa tupu, haiingii kwenye hata moja, na ule wa Afrika wa 1969 uliopanua maana mpaka kwa waliokimbia vita unabana nchi zilizouridhia tu. Mwambieni mapema. Huruma inayomwahidi mtu kitu ambacho sheria haina ndiyo inayomfanya asubiri miaka bure, bora hata ungemkatalia siku ya kwanza akatafute njia nyingine.

Na hizi picha za kukumbatiana na wateja ili watu waone mnasaidia, acheni jamani. Mtu kakimbia watu wanaomtafuta, wewe unamuanika.

Ukianza beba mbili kwa wakati mmoja, basi, mimi nilibeba saba na mnaona yaliyonikuta. Siku hizi mteja akinitajia saa, awe analipa au halipi, namuuliza kwanza jua lilikuwa wapi.